Nani wa kwanza? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jedwali la medali

Michezo ya Olimpiki ikifika siku ya tatu tu, mabishano yanaanza. Nchi yenye medali sita imekaa chini ya nchi yenye medali moja. Kisiwa cha watu 70,000 kimeipita nchi ya watu milioni 85. Gazeti moja linaandika kwamba China inaongoza, lingine linaandika kwamba ni Marekani, na yote mawili yametumia takwimu zilezile. Hapa tumekusanya maswali tunayokutana nayo zaidi, na mifano mingi tumeitoa kwenye Michezo ya Paris 2024.

Jedwali tunaloliona kwenye televisheni hupangwaje?

Kwa dhahabu kwanza. Nchi mbili zikilingana kwa dhahabu, inatazamwa fedha. Zikilingana kwa fedha pia, inatazamwa shaba. Zikilingana kote, zinashika nafasi moja na nafasi zinazofuata zinarukwa. Paris, Botswana, Chile, Saint Lucia na Uganda zote zilimaliza na dhahabu 1 na fedha 1 bila shaba. Zote nne zikawa za 55, na nchi iliyofuata ikawa ya 59.

Medali ya timu huhesabiwa moja, hata kama shingo kumi na nane zimevikwa. Wengi hukosea hapo wanapojumlisha wenyewe kutoka kwenye orodha ya wanamichezo.

Je, kuna nchi inayotangazwa bingwa wa Olimpiki?

Hakuna. Mkataba wa Olimpiki, kifungu cha 6, unasema Michezo ni mashindano kati ya wanamichezo, mmoja mmoja au kwa timu, si kati ya nchi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) huonyesha jedwali kama taarifa tu. Hakuna kombe la mshindi wa jumla na hakuna nchi inayoitwa jukwaani siku ya kufunga. Kila unaposikia "tumeshika nafasi ya 17 duniani", kumbuka kwamba nafasi hiyo imetokana na desturi ya kupanga, wala hakuna chombo kilichoitunuku.

Kwa nini vyombo vya habari vya Marekani hupanga kwa jumla ya medali?

Ni mazoea yao ya miaka mingi, ingawa mara nyingi njia zote mbili huwapa jibu moja. Tofauti ilionekana wazi Beijing 2008. Michezo ilipofungwa, China ilikuwa na dhahabu 51, fedha 21 na shaba 28, jumla 100. Marekani ilikuwa na 36, 38 na 36, jumla 110. Ukipanga kwa dhahabu, China ni ya kwanza bila ubishi. Ukipanga kwa jumla, ni Marekani bila ubishi.

Paris, nchi hizo mbili zililingana kwa dhahabu, 40 kwa 40. Marekani ikatangulia kwa fedha, 44 dhidi ya 27.

Basi dhahabu moja ni sawa na shaba ngapi?

Hili ndilo swali ambalo kila jedwali hulijibu kimyakimya, na kwa kawaida msomaji haambiwi jibu lililochaguliwa. Kupanga kwa jumla ni kusema dhahabu moja ni sawa na shaba moja. Kupanga kwa dhahabu ni kusema dhahabu moja inazidi fedha na shaba zozote zile, hata ziwe mia. Majibu yote mawili yamepitiliza, na matokeo yake ni haya: Uturuki ilitoka Paris na fedha 3 na shaba 5, ikawa ya 64. Dominica na Pakistan zilipata dhahabu moja moja, zikawa za 62. India, kwa fedha 1 na shaba 5, ikawa ya 71. Dhahabu ya Pakistan ilitoka kwa Arshad Nadeem aliyerusha mkuki mita 92.97, na fedha pekee ya India ilitoka kwenye fainali hiyohiyo, kwa Neeraj Chopra. Mrusho mmoja wa mkuki ndio uliozitenganisha nchi hizo kwa nafasi tisa.

Katikati ya njia hizo mbili zipo za alama: 3-2-1 (yaani dhahabu alama 3, fedha 2, shaba 1), 4-2-1, 5-3-1 na nyinginezo. Tuzijaribu kwa nchi nne za Paris (dhahabu-fedha-shaba):

Japani: 20-12-13, jumla 45
Australia: 18-19-16, jumla 53
Ufaransa: 16-26-22, jumla 64
Uingereza: 14-22-29, jumla 65

Kwa dhahabu, mpangilio ni huo hapo juu. Kwa jumla, unageuka juu chini wote: Uingereza, Ufaransa, Australia, Japani. Kwa alama 3-2-1, Ufaransa inapata 122, Uingereza 115, Australia 108, Japani 97. Kwa 10-5-1, Ufaransa bado inaongoza kwa 312, lakini sasa Australia (291) imeipita Uingereza (279), na Japani ina 273. Ili Japani irudi juu inabidi dhahabu ipandishwe thamani sana: kwa 10-2-1 inafika 237, dhidi ya 234 za Ufaransa na 234 za Australia.

Kwa maoni yetu, mtu anayeandika "nchi yetu ni ya tatu" bila kutaja thamani aliyoipa kila medali ameacha nusu ya habari. Sheria ya alama ya haki kabisa haipo, kwa kuwa hakuna kipimo cha asili kinachosema mshindi wa pili ni theluthi mbili ya mshindi wa kwanza.

Hakuna namna ya kujua nani yuko mbele bila kubishania alama?

Ipo, na inashangaza kwamba haitumiki zaidi. Kwa kila nchi andika namba tatu: dhahabu, dhahabu jumlisha fedha, dhahabu jumlisha fedha jumlisha shaba. Nchi ikiizidi au kulingana na nyingine katika namba zote tatu, na kuizidi walau katika moja, haiwezi kuachwa nyuma na mfumo wowote unaoipa dhahabu thamani isiyopungua fedha, na fedha isiyopungua shaba. Hapo ubishi umekwisha. Namba zikipishana, jibu linategemea alama ulizochagua, na ni uungwana kusema hivyo.

Marekani na China za Paris: 40, 84, 126 dhidi ya 40, 67, 91. Marekani iko mbele kwa kila kipimo cha aina hii.

Ufaransa na Uingereza: 16, 42, 64 dhidi ya 14, 36, 65. Zinapishana kwenye namba ya mwisho tu, tena kwa medali moja. Kwa hiyo Uingereza hutangulia pale tu shaba inapopewa thamani sawa, au karibu sawa, na dhahabu.

Kenya na Brazil: 4, 6, 11 dhidi ya 3, 10, 20. Zinapishana. Jedwali rasmi liliiweka Kenya ya 17 na Brazil ya 20, ila Mbrazili anayekataa mpangilio huo ana hoja ya kweli.

Kwa nini tusigawe tu kwa idadi ya watu?

Watu wengi wanaoona jedwali la kawaida linazipendelea nchi kubwa hukimbilia hapa, na tunawaelewa. Ukigawa, Paris inakuwa na washindi wapya: Grenada yenye watu kama 120,000 ilipata shaba 2, yaani medali moja kwa kila watu 60,000. Dominica inafuata, kisha Saint Lucia, kisiwa cha Julien Alfred aliyeshinda mita 100. Marekani inashuka hadi medali moja kwa kila watu milioni 2.7 hivi, na China moja kwa zaidi ya milioni 15.

Tatizo la kwanza ni dari. Ili India iifikie Grenada kwa kipimo hicho, ingehitaji karibu medali 24,000. Paris ilikuwa na mashindano 329, na medali zote hazikuzidi 1,050. Hata India ingeshinda kila kitu, isingefika hata robo ya njia. Kipimo ambacho nchi kubwa haiwezi kukishinda kwa namna yoyote hakijaondoa upendeleo. Kimeuhamishia upande wa pili.

Tatizo la pili ni bahati, na hili halionekani kwa macho. Chukua medali zote uzigawe kwa watu wa dunia: inatoka takriban medali moja kwa kila watu milioni 8. Kama medali zingeanguka kwa bahati nasibu, Dominica ingetegemea medali 0.009, kwa maana kwamba uwezekano wa kupata walau moja ni kama 1 kati ya 115. Ni mdogo, lakini zipo kamati za Olimpiki zaidi ya 200, na nyingi ni za nchi na visiwa vidogo. Wakiwa wengi kiasi hicho kwenye bahati nasibu, mmoja wao atashinda, na huyo ndiye atakayekaa juu ya jedwali. Michezo ijayo atakuwa mwingine. Tokyo 2020 ilikuwa zamu ya San Marino, yenye watu 34,000 hivi, iliyopeleka wanamichezo 5 na kurudi na medali 3.

Sasa itazame New Zealand: watu milioni 5.3, matarajio ya bahati nasibu ni medali 0.66, ilipata 20. Uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati ni moja kati ya namba yenye sufuri zaidi ya 20. Kwa Grenada ni moja kati ya 9,000 hivi. Kwa hiyo kugawa kwa watu kunaiweka Grenada juu ya New Zealand, hali ushahidi kwamba New Zealand ni taifa lenye nguvu michezoni ni mkubwa kupita kiasi. Wanaofanya kazi hii kwa makini hawagawi, huuliza "matokeo haya yangekuwa magumu kiasi gani kutokea kama kila mtu duniani angekuwa na nafasi sawa?" Njia hiyo nayo ina kasoro, kwa kuwa medali hazitegemei bahati peke yake na muogeleaji mmoja anaweza kubeba tano. Hata hivyo haidanganywi na namba ndogo.

Ukilazimika kugawa kwa watu, weka kizingiti: orodhesha tu nchi zenye medali 5 au zaidi, na useme umeweka kizingiti.

Na kugawa kwa pato la taifa?

Swali ni zuri, ila jibu ni gumu kulisoma. Fedha hununua makocha, mabwawa, baiskeli za mashindano na wataalamu wa tiba, na wachumi wamepima mara nyingi wakaona ukubwa wa nchi na utajiri wake ndivyo vinavyoeleza sehemu kubwa ya mgawanyo wa medali. Lakini ukigawa, unaishia kuisifu nchi kwa umaskini wake. Nchi yenye uchumi mdogo sana na shaba moja inakwenda juu, na kosa la namba ndogo linarudi palepale.

Tunaona ni bora utajiri utumike kueleza matokeo, usitumike kuyapanga upya. Mfano: Uingereza ilipata dhahabu 1 tu Atlanta 1996 na ikawa ya 36. Fedha za bahati nasibu ya taifa zikaanza kumiminwa kwenye michezo iliyopimwa kuwa na nafasi ya medali. Beijing 2008 ikapata dhahabu 19, London 2012 ikapata 29. Miili ya Waingereza ni ileile. Kilichobadilika ni bajeti na namna ya kuigawa.

Kila mchezo una nafasi sawa ya kuipa nchi medali?

Hapana kabisa, na kwetu sisi hapa ndipo dhuluma kubwa ya jedwali ilipo. Watu hugombana kuhusu namna ya kuhesabu, wakati mizani ilishainamishwa pale mtu alipoamua ni mashindano yapi yawepo.

Paris, riadha ilikuwa na mashindano 48, kuogelea bwawani 35, mieleka 18, judo 15. Soka lilikuwa na 2, moja la wanaume na moja la wanawake. Mpira wa mikono 2. Timu ya soka hupeleka wachezaji 18, hucheza mechi 6 ili kushinda, na kurudi na dhahabu moja. Muogeleaji wa Marekani Michael Phelps, peke yake na wenzake wa kupokezana, alirudi na dhahabu 8 kutoka Beijing 2008. Kuogelea kuna mitindo minne, na kila mtindo una umbali zaidi ya mmoja, kwa hiyo kipaji kimoja huvuna mara nyingi. Hakuna anayecheza soka kwa mitindo minne.

Nchi ikiujua mpangilio huu, huutumia. China ilichukua dhahabu zote 8 za kupiga mbizi na zote 5 za mpira wa meza Paris. Korea Kusini ilichukua zote 5 za upigaji mishale. Marekani ilipata medali 34 za riadha na 28 za kuogelea: michezo miwili tu, karibu nusu ya medali zake 126. Hakuna aliyekosea hapo, wameshinda kihalali. Lakini nchi ambayo mapenzi yake yote ni soka, au mchezo usiokuwepo Olimpiki, haiwezi kuonekana kwenye jedwali hata ikiwa na wanamichezo milioni.

Kuna na suala la shaba mbili. Ngumi, judo, mieleka na taekwondo hutoa shaba mbili kwa kila uzani. Paris hayo yalikuwa mashindano 54, na hivyo shaba 54 za ziada juu ya 329 za kawaida. Ukipanga kwa jumla, nchi zenye wapiganaji wengi zinapata nafuu ambayo wapiga makasia hawaipati. Ndondi ina jambo lake zaidi: walioshindwa nusu fainali hawapigani tena, shaba wanayo wote wawili.

Nchi haziruhusiwi kujaza washiriki wao wote bora?

Haziruhusiwi. Riadha ina kikomo cha washiriki watatu kwa nchi katika shindano la mmoja mmoja. Kuogelea ni wawili. Ngumi ni mmoja kwa kila uzani. Mpira wa meza ulikuwa unaruhusu watatu hadi China ilipobeba medali zote tatu, wanaume na wanawake, Beijing 2008. Tangu London 2012 ni wawili kwa wachezaji wa mmoja mmoja.

Kikomo hiki kina sura mbili. Kinazuia taifa moja kumeza jukwaa lote, na kinawapa wa nchi nyingine sababu ya kuja. Upande wa pili, Kenya au Ethiopia yenye wakimbiaji kumi wanaoweza kushinda marathoni hupeleka watatu, na wa nne anabaki nyumbani akimtazama mtu anayemshinda kila wiki akimaliza wa ishirini. Hii pia ni sababu moja ya kukataa hesabu za "Umoja wa Ulaya ungekuwa wa kwanza". Nchi 27 zinaingiza mara 27 ya kikomo. Zingekuwa timu moja, wengi wa wanamichezo wao wasingepata nafasi ya kuingia.

Mwenyeji anapata faida kiasi gani?

Kubwa. Ufaransa ilitoka medali 33 Tokyo hadi 64 Paris. Japani ilitoka dhahabu 12 Rio hadi 27 Tokyo. China ilitoka 32 Athens 2004 hadi 51 nyumbani.

Sababu ni kadhaa na zinafanya kazi pamoja. Mwenyeji hupewa nafasi za kushiriki katika michezo mingi bila kupitia mchujo. Bajeti huongezwa miaka kadhaa kabla. Viwanja, hali ya hewa na muda wa kulala vimezoeleka. Kelele za watazamaji huwagusa hata waamuzi, hasa kwenye michezo ya kutolewa alama kwa macho. Tena mwenyeji anaweza kupendekeza michezo ya kuongezwa. Tokyo iliongezewa besiboli, softiboli, karate, skeitibodi, kupanda kuta na kuteleza mawimbini. Japani ikatwaa dhahabu ya besiboli, ya softiboli, 3 kati ya 4 za skeitibodi na 1 ya karate. Dhahabu 6 kati ya 27 zilitoka huko. Paris haikuwa na besiboli, softiboli wala karate.

Kwa hiyo usilinganishe mwaka wa uenyeji na mwaka uliotangulia ukasema nchi imepanda. Linganisha na Michezo miwili kabla na miwili baada.

Medali ikinyang'anywa, jedwali hubadilika?

Hubadilika, wakati mwingine baada ya miaka kumi. Sampuli za kupimia dawa zilizokatazwa huhifadhiwa na kupimwa upya teknolojia inapokuwa bora. Mwaka 2017 wanawake watatu wa China wa kunyanyua uzani walipoteza dhahabu zao za Beijing 2008, na China ikashuka kutoka 51 hadi 48. Mrukaji wa juu wa Marekani Chaunté Lowe alimaliza wa 6 kwenye Michezo hiyohiyo, akaja kutambuliwa mshindi wa shaba baada ya watatu waliomtangulia kufutwa. Jamaika ilipoteza dhahabu ya kupokezana vijiti mita 4x100 ya wanaume kwa kosa la mkimbiaji mmoja, Usain Bolt akapungukiwa medali, na Trinidad na Tobago ikapanda.

Hapa kuna jambo la kutazama kwa makini. Kwa takwimu za siku ya kufunga na alama 3-2-1, China ilikuwa mbele ya Marekani, 223 kwa 220. Kwa takwimu zilizorekebishwa, China 48-22-30 na Marekani 36-39-37, alama zilezile 3-2-1 zinatoa 218 kwa 223. Njia ni moja, Michezo ni ileile, kiongozi ni mwingine. Jedwali lolote unalochapisha liandikie tarehe ulipochukua takwimu.

Wanamichezo wasio na bendera ya nchi huhesabiwaje?

Inategemea. Timu ya Wakimbizi ipo kwenye jedwali: bondia Cindy Ngamba aliipatia shaba Paris, medali yake ya kwanza kabisa. Wanamichezo huru wasio na bendera, waliotoka Urusi na Belarusi, walipata medali 5 Paris, lakini IOC haikuwaweka kwenye jedwali. Ukijumlisha safu za nchi peke yake, hesabu yako itapungua. Si kosa lako.

Aliyebadilisha uraia huhesabiwa kwa nchi anayoiwakilisha siku ya shindano. Winfred Yavi, aliyezaliwa Kenya, aliipa Bahrain dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kwa kawaida mtu aliyekwisha wakilisha nchi moja husubiri miaka mitatu kabla ya kuwakilisha nyingine, isipokuwa wahusika wakikubaliana kupunguza.

Vipi jedwali la muda wote?

Hili tunashauri uliepuke, au ulitumie kwa tahadhari kubwa. Lina Umoja wa Kisovyeti na Ujerumani Mashariki, nchi ambazo hazipo tena. Lina Moscow 1980, ambako Marekani, Kenya na nchi nyingine nyingi zilisusia na Wasovyeti wakachukua dhahabu 80. Lina Los Angeles 1984, ambako Wasovyeti walisusia na Marekani ikachukua 83. Mwaka 1896 mashindano yalikuwa 43 na mshindi alipewa medali ya fedha. Dhahabu za mwaka huo ziliandikwa baadaye. Majedwali mengine huchanganya na Michezo ya majira ya baridi, ambako Norwe yenye watu milioni 5.4 ilishinda dhahabu 16 Beijing 2022. Nchi isiyo na theluji haikushindwa hapo. Haikuwa na pa kufanyia mazoezi.

Ukitaka kulinganisha miaka, tumia asilimia ya medali zote zilizotolewa, si idadi.

Jedwali la mchezo mmoja ni la haki zaidi?

Kiasi, kwa sababu tatizo la idadi ya mashindano kati ya mchezo na mchezo linaondoka. La thamani ya dhahabu linabaki. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Beijing 2015, Kenya iliongoza kwa dhahabu 7 na jumla 16. Marekani ilikuwa na dhahabu 6 na jumla 18. Riadha ina dawa nzuri: jedwali la nafasi, ambalo humpa wa kwanza alama 8, wa pili 7, hadi wa nane alama 1. Hilo huonyesha upana wa timu. Aliyekosa shaba kwa sehemu ya mia ya sekunde haandikwi sufuri kama aliyetolewa raundi ya kwanza.

Ninataka kutengeneza jedwali langu. Nianzie wapi?

Fungua lahajedwali, weka safu za nchi, dhahabu, fedha na shaba. Safu ya tano iwe ufunguo wa kupangia: dhahabu mara 1,000,000, jumlisha fedha mara 1,000, jumlisha shaba. Panga kwa safu hiyo kutoka kubwa kwenda ndogo, utapata mpangilio rasmi. Safu ya sita na ya saba ziwe dhahabu jumlisha fedha, na jumla ya zote, kwa ajili ya kipimo cha namba tatu tulichoeleza. Alama ziwekwe kwenye seli tatu za pembeni ili uzibadilishe na kuona nani anahama. Nchi inayohama nafasi nne ukibadilisha 3-2-1 kuwa 5-3-1 haina nafasi ya kuaminika.

Makosa yanayojitokeza zaidi: namba zilizoingia kama maandishi, hivyo 9 inakaa juu ya 40, medali ya timu kuhesabiwa mara nyingi kama walivyo wachezaji, majina ya kamati kutolingana na majina ya takwimu za watu (Taiwan hushindana kama Chinese Taipei, na Hong Kong ina kamati yake mbali na China, kwa hiyo toa watu wake kwenye idadi ya China kama chanzo chako kimewajumlisha), na kusahau sare. Tokyo, Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia waligawana dhahabu ya kuruka juu. Kila nchi ilihesabiwa dhahabu nzima moja, fedha haikutolewa, na aliyefuata akapata shaba. Ukiona shindano lina dhahabu mbili usilifute ukidhani ni marudio.

Nina mistari miwili tu ya kuripoti matokeo ya nchi. Niandike nini?

Andika medali kwa rangi, michezo zilikotoka, na Michezo iliyotangulia. Kwa mfano: "Kenya, Paris 2024: medali 11 (4-2-5), zote za riadha. Tokyo 2020: 10 (4-4-2). Rio 2016: 13 (6-6-1)." Nafasi, ukiitaja, iandikwe na njia yake: "ya 17 kwa kupanga kwa dhahabu".